Miguu ya Mabel Isiguse Ardhi

Jumapili, 2 Juni

Ametembea! Hatua nne, kutoka kwenye kochi mpaka mezani, peke yake, halafu akakaa chini pwaa na kujipigia makofi. Mama amelia. Mimi nimepiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Miezi kumi na moja tu!

Nikampigia dada Bernice, mama yake Mabel, kule kusini anakosomea uuguzi. Nikaelekeza simu kwa mtoto. Mabel akagoma kutembea, akailamba simu. Bernice akacheka. Akasema haya, angalau siku ya kutolewa nje, mtoto akikanyaga ardhi mara ya kwanza, atakuwepo. Mtihani wake wa mwisho ni Alhamisi tarehe 20, sherehe ni Jumamosi, jua likichomoza. Atawahi.

Sasa kazi ninayo. Ndani ya nyumba Mabel atembee atakavyo. Nje — hapana! Mpaka siku hiyo miguu yake haigusi ardhi. Abebwe. Na mbebaji ni nani? Mama goti linamsumbua. Kaka Clifford ana visingizio kwa kila saa ya mchana. Nimebaki mimi, mama mdogo.

Jumatano, 5 Juni

Mgongo wangu jamani! Huyu mtoto ana uzito wa mabata bukini wawili wa masika, walionona. Tena bata akishakufa anatulia. Mabel anajinyonganyonga, anaelekeza vidole vya miguu chini, anazomea.

Dukani yule mwalimu mgeni kaniuliza kwa nini simshushi achezee majani. Nikamwambia bado hajatambulishwa. Kwa nani? Kwa ardhi. Kafikiri namtania, kacheka vizuri tu, akampa Mabel biskuti.

Jumatano, 12 Juni

Leo moyo ulinitoka!

Clifford kaingia na samaki, mikono imejaa, kaacha mlango wazi. Mimi nilikuwa nakoroga uji. Nageuka — mtoto hayupo. Mlango wazi! Namwona nje kwenye baraza, kasimama na soksi zake, anauangalia mto kama mwenye mto. Ngazi tatu tu zimebaki afike mchangani. Sijui niliruka vipi. Uji umeungua.

Basi ikawa kesi. Clifford: baraza si nje, lina paa. Mimi: kama si nje, mbona mbu wanakuuma ukikaa pale? Clifford: amevaa soksi, soksi haihesabiki. Mimi: wewe ndiwe usiyehesabika! Mama alikuwa anashona viatu vya ngozi vya mtoto, hata hakuinua kichwa. Akatuacha tupayuke mpaka tukachoka. Ndipo akasema ubao ni ubao. Msumari ameupigilia Clifford mwenyewe, ardhi haiujui. Mtoto bado hajatoka. Lakini mlango ukiachwa wazi tena, Clifford atalala kwenye mtumbwi.

Nimemkumbatia Mabel mpaka akanisukuma. Ningemwambia nini dada yangu? Kwamba hatua yake ya kwanza nje ilipita nikiwa nakoroga uji?

Jumatatu, 17 Juni

Clifford kamaliza kuchonga kishoka cha Mabel, kile atakachobeba Jumamosi. Mimi nimeuliza ni mwiko wa kupakulia nini. Kanuna mpaka chakula cha jioni.

Tunafanya mazoezi sebuleni. Mtoto anatoka mlango wa jikoni, anaufuata mkeka, anauzunguka mti (kwa sasa ni ndoo), anapiga kishoka mara moja, anarudi na mzigo wa kuni kumpa bibi yake. Ndivyo inavyotakiwa. Mabel anafika kwenye ndoo, anakaa, anatafuna kishoka. Mama anasema nami nilikuwa hivyohivyo, tena mimi kishoka nilimrushia kasisi.

Anatembea akishika kidole changu. Kidogo cha mkono wa kulia, hicho hicho, kingine hataki. Jumamosi kidole kitakuwa cha Bernice, ndivyo inavyopasa. Niandike ukweli? Naona wivu. Basi.

Alhamisi, 20 Juni

Bernice kamaliza mtihani! Kapanda basi saa nne asubuhi. Saa tisa kapiga simu: msitu unaungua kusini kwetu, barabara imefungwa, magari yamepanga foleni, moshi mtupu. Hajui lini wataachiwa.

Mama kaenda kumwona Mzee Sinclair, anayeongoza sherehe. Mzee kasikitika, lakini kuna watoto wengine wanne na jamaa zao wamekwisha kufika na mitumbwi. Jua la Jumamosi halisubiri mtu. Mama karudi akaniangalia. Akasema basi Luella, utamtoa wewe.

Nikafurahi! Kabla ya kufikiri lolote, nilifurahi. Halafu nikamwona Bernice kwenye foleni ile, na uso ukaniwaka kwa aibu. Nimemwambia Clifford aache visingizio, achukue gari, akasubiri kwenye kizuizi hata kama ni mpaka kesho kutwa. Kachukua funguo, kaondoka. Kaka yangu huyo, namtukana lakini nampenda.

Ijumaa, 21 Juni

Tuko kambini, panapofanyika sherehe. Mabata bukini wananing'inia kwa kamba juu ya moto, wanazunguka wenyewe, mafuta yanadondoka, mabibi wanawapigia soga. Hema kubwa limetandikwa matawi mabichi ya msonobari. Harufu! Njia nayo imetandikwa matawi, kutoka mlango wa mashariki mpaka kwenye kile kimti watakachokizunguka watoto.

Jioni honi! Clifford! Na Bernice pembeni yake, nywele zinanuka moshi, macho mekundu. Nimekimbia na Mabel mkononi. Bernice kanyoosha mikono — na Mabel kaficha uso shingoni kwangu. Akichungulia, anamtazama mama yake kama mtu aliyekuja na sindano.

Watu wakacheka. Bernice naye akacheka. Halafu akaenda nyuma ya hema, nikamfuata.

Akasema, "Mtoe wewe, mdogo wangu. Anakujua wewe."

"Acha ujinga, dada. Uchungu uliupata wewe."

"Na mgongo umemuuma nani?"

"Mgongo wangu hauhusiki hapa!"

Tukagombana kweli, kila mmoja anamsukumia mwenzake kitu anachokitaka kuliko vyote. Mama akatukuta. Akasema huyo mtoto ana mikono mingapi? Basi mmoja ashike huku, mwingine kule, na mje kula, bata anakauka.

Jumamosi, 22 Juni, alfajiri

Ndani ya hema. Naandikia gotini. Watu wamebanana mpaka kwenye kuta. Mabel katika gauni lake jipya, viatu vya shanga, kishoka kwapani. Sisi ni wa mwisho.

Wa kwanza katoka — mvulana, kalia njia nzima. Shangwe! Wa pili kakataa kurudi ndani, kabebwa mzobemzobe. Mapacha wakapigania tawi moja. Mzee Sinclair anacheka mpaka anajifuta macho.

Mabel kamruhusu Bernice amfunge kamba ya kiatu. Kamruhusu! Bernice kaniangalia kama aliyefaulu mtihani wa pili.

Zamu yetu. Nilidhani nitaandika baadaye, lakini mikono yangu haina kazi, kwa hiyo naandika sasa hivi, na Mama anikodolee macho atakavyo. Tulifika mlangoni, Bernice kushoto, mimi kulia. Jua likampiga Mabel usoni. Akasimama. Akachomoa mkono wa kushoto. Nikajidai moyoni, hata sekunde haikuisha. Akachomoa na wa kulia! Bernice akajaribu tena, akapigwa kofi. Mimi nikampa kile kidole chake. Kofi!

Mzee Sinclair kasema msimguse. Mabel kashika nguzo ya mlango, anayatazama matawi, anautazama mto. Bernice kanishika mkono wangu wa kushoto, anauminya mpaka mifupa inalia, na mimi namminya vilevile. Tunacheka, tunalia, sijui.

Kaiachia nguzo ya mlango. Hajashika chochote. Kainua mguu —