Jagi Mlangoni kwa Keza

Baba Keza,

Nimepeleka keki kituo cha watoto Gatsata. Wa leo anaitwa Ihirwe, anatimiza miaka saba, aliomba keki ya ndege. Maharage yako jikoni, yapashe moto. Krimu iliyobaki ni ya keki ya kesho, nakujua, usiilambe.

Asubuhi nilikucheka nilipokukuta na jagi la maji mlangoni kwa binti yetu, tayari kummwagia kitandani kama kila siku yake ya kuzaliwa. Ukasema umesahau tu kwamba yuko Poland anasoma, ukanuna. Pole. Mimi nilikuwa nimeshaandika “Keza” juu ya keki ya mtoto wa watu, nikalikwangua jina kabla hujaamka.

~~Jagi lirudishe jikoni.~~ Liache palepale, na maji yake.

Mama Keza