Muhuri Uliopinda

Dada Okhwa,

Theluji imeanza hapa Seoul. Jana nilisinzia kibarazani, nikamwona marehemu mama akitembea juu yake bila kuacha nyayo. Kabichi za kuchachushia kimchi mwaka huu ni tamu.

Unamuulizia shemeji yako. Tumeachana tangu vuli. Muhuri wa jina langu, ambao ndio sahihi yangu, ulikaa kwa mama mkwe, kama wa wake wote wa nyumba ile. Yeye na mwanawe waliugonga kwenye karatasi ya talaka, mimi niko kisimani naosha kabichi.

Nikaenda kwa Wakili Pyo, yule mwanamke ambaye majaji humwambia akapike. Nikamwambia, “Muhuri ni wangu kweli, nitabisha nini?”

“Na mkono ulikuwa wa nani, mama?”

Akanisogezea waraka wa maombi.

Anakusanya humo mihuri ya wanawake, ili bunge libadilishe sheria, mke aulizwe kwanza mbele ya hakimu. Nikachongesha muhuri mwingine sokoni, nikaugonga kwenye waraka ule. Nina miaka arobaini na moja, dada, na hii ndiyo mara ya kwanza kuugonga mwenyewe. Nilikandamiza sana upande mmoja, jina likapinda.

Nimekugongea na hapa chini. Usinicheke.

Mdogo wako,
Sundeok