Miguu ya Anord Haipati Joto

Kihesa, Iringa
9 Juni 2024

Kwa mkwe wangu Prisca,

Kamwene. Hujambo? Mwanangu Anord hajambo? Hapo Ilomba mnaamkaje na baridi hii? Sisi huku tunaamka. Mgongo unanisumbua kidogo, lakini natembea na kanisani nafika, namshukuru Mungu.

Barua hii nimeisokomeza ndani ya gambuti la kushoto, la jozi ninayomtumia Anord, na Jailos wa kwenye basi nimemwambia akukabidhi wewe mkononi. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu wewe unasema "ndiyo mama, ndiyo mama", na hiyo "ndiyo mama" yako mimi siielewi. Kwenye karatasi itabidi unijibu.

Swali langu ni moja. Soksi zinakwenda wapi? Tangu Pasaka nakaa hapa barazani nafuma soksi za sufu, macho yenyewe haya ya kubahatisha, natuma jozi baada ya jozi. Halafu Jailos huyo huyo ananiambia amemwona Anord pale Uyole alfajiri, yuko juu ya baiskeli na madumu yake ya maziwa, manyunyu yanashuka, na miguuni ana kandambili. Kandambili, Prisca! Mwezi wa sita! Mtu anayepanda vijiji vya juu kufuata maziwa wakati majani bado meupe kwa barafu! Miguu ile ndiyo inayowalisha ninyi, na mimi pia. Ikiharibika nani ataendesha?

Nasikia una kaka zako huko Usangu wanaolala nje na ng'ombe, na wao baridi wanaisikia. Sisemi kitu. Nauliza tu.

Ni mimi,
Mama yako mkwe

*

Ilomba, Mbeya
16 Juni 2024

Shikamoo mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo umepata nafuu. Sisi tunaendelea. Baridi ni kali kweli, maji ya kwenye ndoo asubuhi yanauma mkono.

Mama, umeuliza nijibu, nami nakujibu bila kukuzunguka. Kaka zangu hawana habari na soksi zako. Usangu ni joto, wanatembea na makobazi ya matairi. Soksi zote zipo hapa, na tatizo ni kwamba Anord anazivaa zote kwa pamoja. Anaanza na moja, juu yake nailoni ya mkate, juu yake soksi nyingine, na nyingine tena, kisha anapigana na gambuti mpaka liingie. Akirudi saa tatu vidole ni vya bluu, na soksi ukizikamua zinatoa maji kama zimetoka kufuliwa. Hata siku ambayo mvua haikunyesha! Mimi mwenyewe sielewi maji yanaingilia wapi.

Siku aliyoonekana na kandambili aliniambia gambuti zilikuwa hazijakauka. Ndivyo alivyoniambia mimi.

Baba yangu Nkuba alikuja kututembelea mwanzoni mwa mwezi wa tano, anakusalimu sana.

Mkweo,
Prisca

*

Kihesa, Iringa
23 Juni 2024

Kwa mkwe wangu,

Kamwene tena. Nimepata jibu lako na nimelisoma mara nyingi kuliko lilivyostahili.

Hebu nikufundishe, maana naona hapo nyumbani kwenu hakuna anayejua baridi. Marehemu baba yake Anord aliendesha baiskeli kwenda kazini Mgololo miaka mingi, na asubuhi za kule unazisikia kwenye mifupa. Soksi tatu ndani ya gambuti moja ni kuufunga mguu kamba. Damu haipiti, na mguu usiopata damu hata uufunge blanketi utaganda. Avae soksi moja nzito, na gambuti kubwa ambalo vidole vinacheza ndani. Nimetuma namba kumi.

Na nailoni atupe. Maji hayo hayakutoka mbinguni, ni jasho lake. Anapopanda anatoka jasho, nailoni inalizuia, halafu akianza kuteremka upepo unampiga akiwa amelowa. Soksi kavu aziweke kifuani, ndani ya sweta, zipate joto la mwili. Akifika juu, kabla ya kuteremka, akae chini abadilishe. Suruali aiteremshe nje ya gambuti, asiichomeke ndani, maana maji yanafuata suruali na kuingia. Juu afunge na kipande cha tyubu. Na madigadi ya mbele arefushe kwa mpira, tope lisimrukie.

Hayo ni ya miguu. Sasa ya kwangu. Jailos aliketi na Anord kwenye banda la chai, jiko limewaka hapo miguuni pao, na Anord bado analalamika miguu ni ya baridi. Mtu gani husikia baridi akiwa ameuelekeza mguu kwenye moto? Nami nasoma barua yako kwamba baba yako alikuja. Alileta nini? Alipoingia alipitia mlango gani? Alikaa wapi, na mlangoni hakuacha kitu? Nimeishi miaka mingi, Prisca. Nimeona mtu akikanyaga kitu alichowekewa.

Jibu yote.

Mama yako mkwe

*

Ilomba, Mbeya
5 Julai 2024

Shikamoo mama,

Nilichelewa kuandika kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa nalia kwa hasira. Sasa imepungua kidogo.

Baba yangu alileta mchele, samli na samaki wakavu. Aliingia kwa mlango wa mbele kwa sababu nyumba ina mlango mmoja. Mlangoni aliacha viatu vyake, akaondoka navyo. Kama kuna kingine alichoacha, ni salamu zake kwako, na jinsi ulivyozipokea nimeona.

Ulivyoelekeza nimefanya vyote. Gambuti namba kumi, soksi moja, nyingine kifuani, tyubu nimekata mwenyewe kutoka kwenye tairi lililochakaa. Siku za kwanza alirudi mkavu kabisa, nikafurahi, nikasema mama mkwe anajua. Soksi kavu, mama, nilizishika kwa mkono wangu! Na bado anasema miguu ni ya baridi.

Sasa nikueleze jambo, na ukitaka kunichukia unichukie kwa kweli. Anord havui soksi mbele yangu. Anaoga peke yake akiwa amefunga mlango, anatoka amevaa. Kitandani amevaa. Nikimuuliza anasema "mama kasema nijikinge". Nikawaza, mama gani anamkataza mtu kuvua soksi kwa mkewe? Wewe unanishuku mimi, basi na mimi nilikushuku wewe. Siku alipokwenda kwenye kikao cha wauza maziwa nilichukua soksi yako moja nikaifumua yote, kuanzia kisigino hadi mdomo wake wa juu, nikitafuta ulichofumia ndani. Sikuona kitu. Sufu tupu. Nilibaki na kilima cha uzi mapajani na aibu yangu.

Juzi tulikuwa tumekaa jikoni. Nikasikia harufu ya sufu inayoungua. Nikatazama, mguu wake umelala kwenye ukingo wa jiko la mkaa, soksi inatoa moshi, na yeye ananisimulia habari za bei ya maziwa, anacheka. Hakusikia, mama. Niliurusha mguu kwa mikono yangu. Aliogopa kuliko mimi, kisha akasimama akatoka nje. Sasa anachechemea, na kuna harufu nyingine ambayo si ya sufu.

Baba yake Anord alikufa kwa ugonjwa gani? Nimemuuliza Anord, akainuka kwenda kuosha madumu. Nakuomba wewe uniambie.

Mkweo,
Prisca

*

Kihesa, Iringa
11 Julai 2024

Prisca,

Sina salamu leo, unisamehe.

Habari ya jiko imenitoa usingizi. Baba yake alianza hivyo hivyo. Miguu ya baridi wakati wa jua kali. Alisema anasikia sisimizi wanatembea chini ya nyayo. Baadaye akasema sisimizi wamekwenda, nikashukuru. Kumbe msumari ulipenya kiatu akaendesha nao kutwa nzima, akarudi anafurahi, mimi ndiye niliyeona damu. Kidonda hakikumuuma hata siku moja, na hakikupona mpaka kikamwua. Ukoo mzima ulisema alikanyaga kitu alichotegewa na mwenzake wa kazini, na huyo mwenzake akahama na familia yake kwa maneno yetu.

Sasa unaniambia jambo lile lile limemrudia mwanangu, kwenye miguu ile ile. Jambo haliji mara mbili lenyewe. Linatumwa. Nani amelituma sijui, lakini kwake kumeingia wageni na kwangu hakujaingia mtu.

Hospitali usimpeleke, watakimbilia kukata. Mpakie basi Jumamosi aje kwangu. Nimeshaongea na mtaalam mmoja upande wa Kilolo, anamsubiri. Na soksi uliyofumua nitakuuliza siku nyingine, hiyo sijaisahau.

Mama Anord

*

Ilomba, Mbeya
18 Julai 2024

Shikamoo mama,

Jumamosi ulikwenda stendi ukamngoja, najua, Jailos ameniambia. Nimekupigia simu mara nyingi hupokei. Basi nakuandikia, na Jailos nimemwomba asiondoke hapo kwako bila jibu.

Sikumpakia basi. Nilifunga baiskeli kwa mnyororo, ufunguo nikauweka ndani ya nguo yangu, nikamwambia leo maziwa hayaendi mahali mpaka nione miguu. Alipiga kelele, na Anord hajawahi kunipigia kelele. Kisha akakaa kitandani akavua soksi mwenyewe.

Chini ya kidole gumba cha kulia kuna shimo, mama. Jeusi pembeni. Kidole cha pili nacho kimeharibika. Ile siku ya kandambili mguu ulikuwa umevimba haukuingia kwenye gambuti. Amekuwa akiendesha hivyo tangu mwezi wa tano, kupanda na kuteremka, kwa sababu kidonda hakiumi.

Nilimuuliza kwa nini alinificha. Akasema, "Mama akijua atasema ni baba yako. Akishasema, ukoo utakaa kikao, na wewe utarudishwa kwenu. Nilifikiri kitapona kabla ya baridi kwisha." Mama, alikaa na kidonda kile ili nisifukuzwe. Alikuwa anakuogopa wewe kuliko kidonda. Nakuandikia hili, na silifuti.

Hospitali wamempima. Ni kisukari, na cha muda mrefu. Daktari anasema kimeua hisia za miguu, na baridi anayoisikia haitoki nje, ndiyo maana soksi haziifikii. Aliuliza kama kuna mzazi aliyekuwa na miguu ya namna hiyo, nikamweleza ya baba yake kama ulivyoyaandika, akayaandika kwenye faili. Anasema ugonjwa huu hupita kwenye ukoo, wala hautumwi na mtu.

Vidole viwili vinatakiwa kukatwa Jumanne. Wakichelewa itakuwa mguu. Na Anord amekataa kusaini. Anasema akikatwa bila neno lako, wewe na wajomba mtasema mkewe amemkatisha mguu ili kukamilisha kazi ya baba yake. Anataka maandishi yako mwenyewe, kwamba hakuna mtu wa kwetu aliyemtega. Kwenye simu hataki, anasema ya kwenye simu huwa unayageuza kesho yake.

Sikuombi unipende. Naomba karatasi moja.

Prisca

*

Kihesa, Iringa
19 Julai 2024

Prisca,

Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili. Ndogo ni ya Anord, mpe aisome mbele ya daktari. Nimeandika hivi, nakunakilia ujue:

"Anord mwanangu. Mimi Lea, mama yako mzazi, nasema hakuna aliyekutega. Si mke wako, si Nkuba, si mtu yeyote wa Usangu. Ukoo ukiuliza, waje kwangu. Kubali vidole vikatwe. Nakutaka ukiwa hai."

Hii kubwa ni yako peke yako, usimwonyeshe.

Sitakudanganya. Niliyoandika kwenye karatasi ndogo sijayaamini yote. Nimejaribu tangu Jailos aliponikabidhi barua yako, yeye anakunywa chai yangu ananitazama, na moyo wangu bado unauliza, mbona wakati ule ule, mbona mgeni alikuwa ametoka tu. Nimeshuku watu maisha yangu yote na siwezi kuacha kwa siku moja kama mtu anayevua kofia. Kama nimeandika uongo, basi ni wangu, nitaujibu mimi mbele ya Mungu.

Lakini neno moja limenishinda. Umesema alikuwa ananiogopa mimi kuliko kidonda. Nimelisoma, nikaenda jikoni, nikarudi nikalisoma tena. Mtoto niliyemzaa mimi! Nilikuwa namvisha miguu, kila mara namvisha, na wewe ndiye uliyemvua ukaangalia. Hilo nalijua bila kumuuliza mtaalam.

Frida jirani yangu ananisumbua nami nikapime hicho kisukari. Nimemjibu vibaya. Labda nitapima huko huko kwenu, mahali ambapo hakuna anayenijua.

Nakuja Jumatatu kwa basi la asubuhi. Uje stendi wewe mwenyewe, usimtume mtu, na usinibebee mzigo wangu. Siku ya kwanza usinipikie, nitakula chakula nilichobeba. Usione vibaya, ndivyo nilivyo.

Siku ya pili nipikie.

Mama yako,
Lea Kalinga