Hedifoni Zenye Mahameli ya Kijani

Kwako Baba Salma, huko ulikotutangulia,

Barua hii naiandika wazi, asome anayetaka. Mambo yetu ya ndani yameshasikika mpaka Maskati, na kwa nani mwingine hapo katikati sijui, kwa hiyo bahasha ningefungia nini? Utaelewa nikifika kwenye kisa chenyewe. Kwanza nianze na mke mwenzangu.

Nimemtoa eda. Namsema redio yako. Siku ile wanaume waliporudi kutoka makaburini, mimi nimeshakalishwa chumbani na kanga yangu nyeupe, niliiona iko palepale juu ya meza yake, na vitufe vyake vyote, inanitazama. Nikamwomba dada yangu shuka, nikaifunika. Akaniuliza kwa nini.

"Nayo si mjane?" nikamwambia. "Ikae eda na yenyewe."

Dada alidhani msiba umenipanda kichwani. Wewe unajua nilikuwa na akili zangu timamu. Tumekaa eda chumba kimoja, mimi na yeye, hatusemeshani.

Unakumbuka siku ulipoileta? Kwa kuwa kazi yako ilikuwa kutengeneza friji za watu, nilidhani ni stabilaiza ya mteja. Ukaniambia kwa mashine hii mtu anaongea na dunia nzima bila vocha, na kwamba leseni umeshaipata. Kesho yake ukapanda juu ya bati, ukavuta waya kutoka paa letu hadi kwenye mnazi wa jirani. Mimi nikaona waya mzuri namna ile, umenyooka, nikaanika kanga. Ulitoka ndani mbio na povu la sabuni kidevuni, umenyoa nusu, unapiga kelele kama nimeanika mtoto. Mbagala nzima ilicheka, na mimi nilicheka.

Mwanzoni sikuwa na wivu. Ulikuwa unaongea Kiingereza cha kufupisha na wanaume wa mbali, mnaulizana mvua, mnaagana. Nikasema afadhali huku kuliko kijiweni. Ndipo akaja Thuwaiba.

Sijawahi kumwona, ila sauti yake niliijua kuliko za mawifi zangu. Bibi wa Maskati, mzaliwa wa Unguja, mwenye leseni yake na redio yake, na Kiswahili kile cha kwao kinachotoka taratibu, kama hana chungu jikoni. Kila Ijumaa baada ya Alasiri. Ulikuwa unaoga, Baba Salma. Unachana nywele, unavaa ile kofia yako iliyodariziwa, ndipo unakaa mbele ya redio.

"Anakuona kwani?" nilikuuliza.

"Adabu tu, Mama Salma."

"Mbona mie unaniongeleshaga na singlendi?"

Ukacheka, ukazungusha kitufe chako. Ni kicheko hicho kilichoniuma, maana na yeye ulimchekea hivyohivyo. Mimi nilikuwa napata "chai ipo?" na "umeme umekatika". Yeye alipata habari kamili: joto la Mbagala, friji ya mteja iliyokutwa na panya ndani, hata samaki wangu wa kupaka, kwamba siku ile nilizidisha ndimu. Ndimu yangu inajadiliwa Maskati! Nilikunyima samaki mwezi mzima na hukujua sababu. Sasa unaijua.

Na bado cherehani. Mota ya cherehani yangu ilikuwa inatia mkoromo kwenye redio. Nikishona tu, sauti ya Thuwaiba inazama. Ukaja kwa upole: "Mama Salma, huwezi kuzima kidogo?" Nina sare za harusi za watu mezani, nizime ili bibi wa watu asikike! Tulibishana weee. Mwishowe nikaitoa stoo ile cherehani kuukuu ya marehemu mama, ya kukanyaga kwa miguu yote miwili, isiyo na mota wala mkoromo. Nilishona kwa jasho la miguu ili mume wangu asikilizane na mwanamke mwingine. Anayetaka kunicheka na acheke.

Salma wetu aliwahi kuniambia, "Mama, kama angekuwa na jambo naye si angempigia simu?" Simu yako niliipekua. Ndiyo, niliipekua, na sioni aibu. Jina lake halikuwemo. Badala ya kutulia nikazidi kuchemka: ina maana unamweka mahali ambapo siwezi kupekua.

Halafu zikaja hedifoni. Ulizinunua Kariakoo, za kompyuta, zile wanazovaa wasichana wa huduma kwa wateja, zenye kijiti cha maiki kinachokuja mbele ya mdomo. Ukakata plagi zake, ukaanza kuchomea waya kwa risasi ya kuyeyusha, moshi umejaa chumbani. Nikakuuliza za nani.

"Tulia, Mama Salma."

Tulia! Ijumaa iliyofuata nikakusikia unamwambia Thuwaiba, "Zinakaribia kuwa tayari. Utasikia mwenyewe." Sindano ilinichoma kidole. Nikajua kumbe zinasafiri hizi, zinangoja tu mtu wa kuzibeba. Na wewe hukuishia hapo. Ukaja kwenye kapu langu la vitambaa, ukauliza kama nina kipande laini, maana sifongo za masikioni zimechakaa. Nilikuwa na mahameli ya kijani, masalio ya gauni la bibi harusi wa Msasani. Nikakukatia, nikakushonea vifuniko viwili kwa mkono, na kipande kilichobaki ukaomba nacho. Masikio ya mwanamke wa Maskati, mimi ndiye niliyeyashonea mahameli!

Wiki hiyohiyo nikakukuta umelala chali chini ya meza ya cherehani, una drili.

"Nakaza meza, inatikisika."

Meza haijawahi kutikisika. Nikakufokea kwa vumbi la mbao kwenye vitambaa vya watu. Ukatoka, ukajipangusa, ukaenda zako msikitini. Kisha presha ikakuchukua, kabla sijamaliza kununa.

Sasa sikiliza ya Ijumaa iliyopita. Bwana Chande alikuja kutoka Segerea, yule rafiki yako wa redio mwenye leseni kama yako. Amenipa pole upya, amekunywa chai, anazungukazunguka maneno.

"Shemeji," akasema mwisho, "watu wa hewani wanakuulizia. Hasa Bi Thuwaiba. Kila Ijumaa anaita."

"Anamwita nani, na mwenyewe ameshakufa?"

"Anakuita wewe."

Nikasema vizuri sana, maana na mimi nilikuwa na swali langu kwake, nimelikalia eda nzima: wewe bibi ulikuwa nani kwa mume wangu? Nikaenda nikavua shuka kwenye redio kwa mkono wangu.

Chande akawasha, akachukua maiki yako ya mkononi. Kitufe chake kilikuwa kimekufa, ukibonyeza hakishiki. Akaniuliza kama kuna maiki nyingine. Nikamwonyesha boksi chini ya meza. "Zipo za mwenyewe," nikasema, na mwenyewe niliyekuwa nakusudia si wewe.

Akazitoa. Ulikuwa umeshazifunga plagi ya duara yenye pini nane, inayoingia kwenye redio. Akachomeka, akanivisha, akaniambia niseme chochote. Nikasema bismillahi. Mshale wa redio haukutikisika. Nikarudia kwa nguvu, wapi. Chande akachomoa, akafungua kikopo cha peremende kilichoning'inia kwenye waya wake, ulimofichia viungo vya waya, akatazama kwa miwani na bila miwani. Akanieleza kwamba maiki ya kompyuta haifanani na ile ya mkononi, yenyewe haitoi sauti mpaka ipewe umeme kidogo. Umeme huo unapatikana kwenye pini mojawapo ya redio, na wewe ulishapanga kila kitu cha kuupunguza kabla haujafika kwenye maiki. Kilibaki kiungo kimoja tu. Waya wenyewe ulikuwa umeshaumenya na kuupaka risasi.

"Ngoja niunge," akasema.

"Lete hapa."

Unafikiri ningemwachia Chande? Nimekushikia tochi miaka yote, najua risasi inavyoyeyuka. Nikaunga mwenyewe, kwa mkono huu wa sindano, na hata Chande alisema kimekaa. Tukajaribu tena, mshale ukaruka.

Kukabaki waya mrefu ambao hatukuuelewa. Hedifoni za kompyuta hazina kitufe cha kubonyeza ili usikike, kwa hiyo ulitoa waya pembeni, na mwisho wake kuna swichi ndogo juu ya kibati kilichokunjwa, kimevikwa mahameli ya kijani. Kile kipande ulichoomba. Chande akakiweka sakafuni chini ya unyayo, hakikukaa. Akakishika mkononi, hakikukaa. Akakuna kichwa.

"Sasa huyu bwana alitaka mtu abonyeze na nini?"

Nilikiangalia kibati kile, na tundu zake mbili za skurubu. Nikajiuliza ni nani huyo anayeongea huku mikono yake yote miwili ina kazi na miguu yote miwili ina kazi. Nikapiga magoti, nikaingia chini ya meza ya cherehani na tochi. Matundu yako mawili ya drili yalikuwa pale, upande wa kulia. Kibati kilikaa kama kifungo kwenye tundu lake. Waya ulifika kutoka kwenye redio mpaka pale bila kuvutwa. Nikakaa kwenye kiti changu, miguu kwenye kikanyagio, mikono juu ya kitambaa, na goti langu la kulia likagusa mahameli.

"Kwani Thuwaiba naye ana cherehani?" nikauliza. Usinicheke, wivu hauzimiki hapohapo.

Chande akanitazama sana. "Shemeji, hiyo meza ni yako."

Akataja jina lake la hewani, akasema ana mgeni pembeni yake, na leseni ni ya kwake. Hazikupita dakika, sauti ile ikaingia masikioni mwangu, karibu kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Mwenzangu, pole, pole sana. Jee, umezivaa?"

Nikabana goti. "Nimezivaa."

"Zile za kijani?"

Hapo ndipo nilipolipuka. Rangi anaijua! Nikasahau swali langu, nikasema yote: kofia, ndimu, mota, miguu ya jasho, utasikia mwenyewe. Kisha nikamwacha yeye nikakugeukia wewe. Nilikwambia ungepungukiwa nini kama ungenieleza siku ileile, nisingenuna, ningekushonea na kofia mpya. Nilikuita mchoyo. Nilikwambia kitanda kimekuwa kikubwa, na kwamba Alasiri ya Ijumaa sijui niiweke wapi. Nililia kwa sauti. Chande alikuwa ananionyesha goti langu kwa kidole, mimi nadhani ananionyesha kikombe cha chai kimemwagika. Goti lilikuwa bado limebana, Baba Salma. Ukibana wewe unasikika na wengine huwasikii, hukunifundisha hilo. Kila aliyekuwa na redio wazi na anajua Kiswahili alipata msiba wetu mzima.

Nilipoachia palikuwa na mkoromo mtupu. Nikajua ameondoka kwa aibu. Kisha akaongea, taratibu vilevile.

"Nimekusikia yote, dada. Basi nami nikwambie langu. Kila akizungumza, nyuma yake namsikia mtu anashona. Cherehani ikinyamaza tu, ananiaga. Ati mwenye cherehani kainuka, pengine ataka kukaa naye. Hata niwe katikati ya maneno, hangoji. Miye huku nyuma yangu hakuna sauti ya mtu. Nimekuonea wivu weye, tangu siku ya mwanzo."

Kweli, nikinyanyuka kwenye cherehani ulikuwa unazima. Nilidhani unazima ili nisisikie.

Usije ukadhani wivu umekwisha. Bado ninao, na sasa una vyumba zaidi. Nina wivu kwamba alijua kuhusu hedifoni kabla yangu. Nina wivu na Chande, aliyewahi kukusikia ukinitaja hewani kwa majina usiyonitajia jikoni, na hataki kuniambia yote. Nina wivu na kiungo kile kimoja, kwamba kilikungoja na hukurudi. Chande ataniletea vitabu vya mtihani wa leseni, nitavisoma, maana sitakubali kuongea na wageni wako kwa jina la mwanamume mwingine.

Lakini siku ile, Thuwaiba alipomaliza, aliniachia zamu. Nikaweka kitambaa chini ya sindano. Nikabana goti, makusudi safari hii, na sikusema neno. Nikakanyaga. Nilishona mshono mrefu wa upindo, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kupumzika, ili asikie. Nilipoachia, yule bibi alikuwa analia na kucheka.

Lala salama, Baba Salma. Kofia yako nimeitundika juu ya redio, ili mke mwenzangu huyo asisahau adabu. Na meza imekaza. Haitikisiki.

Mkeo mkubwa,
Mama Salma