Koo la Filemon

Mwika, 4 Februari 2024

Mjukuu wangu Aikande,

Salamu kutoka kwa babu yako. Mimi mzima, ng'ombe wazima, migomba inazaa. Wewe je, huko Moshi unakula au unasoma tu?

Barua yako Jesse ameileta na gari lake la ndizi. Nimeisoma mwenyewe, labda maneno mawili nilisaidiwa. Unasema saratani ya koo watu wa mjini wanaiwahi wanapona, sisi wa mlimani tunafika hospitali hata mate hayapiti, na nyie wanafunzi wa udaktari mnatafuta sababu. Unataka niwaambie wenye shida ya kumeza waje wapimwe bure.

Kuambia ni kazi ya mwinjilisti. Mimi niliyetembea mpaka Kampala na bunduki begani nitaleta watu. Wa kwanza ni jirani yangu Filemon, kiburu cha ndizi na maharage ameshaacha, anameza supu ya mtori tu na yenyewe inamrudi puani. Kilabuni nilimwambia ashuke, akasema amerogwa. Nikamtandika bakora ya mgongo mbele ya wote. Wiki hii namleta, atake asitake.

Ndimi babu yako,
Eliufoo


Moshi, 9 Februari 2024

Babu, shikamoo.

Mimi sijambo, na ninakula. Nashukuru kusikia u mzima.

Babu, nakusihi usimlete Babu Filemon kwa nguvu. Kwenye utafiti wetu mtu anaelezwa, anaulizwa, anakubali mwenyewe. Akikataa anarudi kwake na hakuna wa kumgusa. Akiburutwa hata mmoja, kazi inafungwa, na mlima mzima utatukimbia. Mwambie tu kwamba ni mpira mwembamba wenye kamera, unapitishwa kooni, na dawa ya ganzi anapewa kwanza. Nesi Stella atapanda na hema Jumatano. Babu Filemon aje amuulize.

Mjukuu wako,
Aikande


Mwika, 17 Februari 2024

Mjukuu wangu Aikande,

Salamu. Mimi mzima, ila si wote, utaona.

Barua yako imekuta kazi imeshafanyika. Nilimvizia Filemon akitoka kukata majani ya ng'ombe, nikamfunga kamba ya mbuzi, nikamtupa kwenye gari la Jesse juu ya ndizi. Jesse akasema, "Babu, huyu ni mtu." Nikamwambia endesha. Njiani Filemon aliniuma sikio akalichana. Sikupiga kelele. Kabla ya Himo wanawe wakatufikia na pikipiki, na Basili, yule mkubwa, ana panga. Nilimvunja mkono kwa bakora, mfupa niliusikia. Lakini alikuwa amenikata kwanza. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimebaki barabarani. Naandika na wa kulia, usihofu. Mzee kupigana na vijana watatu, uliza kama yuko mwingine huku.

Baba yao wakamrudisha nyumbani. Jumatano hema lenu lilipofika watu walikuwa wanalingoja. Wanasema mnanituma nikamate watu mkawachinje makoo. Hema walilichoma. Nesi Stella walimpiga mawe, nilimwona anakimbia kwenye migomba, damu imemfunika jicho. Nilipaza sauti waache, hawakuacha. Hilo silielewi, mimi huwa nasikika.

Sema Filemon aletwe lini tena.

Babu yako,
Eliufoo


Moshi, 25 Februari 2024

Babu, shikamoo. Pole kwa vidonda.

Stella hataona tena kwa jicho la kushoto. Ana mtoto anayenyonya. Nimekaa naye.

Kazi ya mlimani imefungwa mpaka wenyeji wenyewe watuite, na mimi nimesimamishwa. Si hilo linaloniuma. Babu Filemon alikuwa bado anameza mtori. Kama ni uvimbe, huo ndio wakati wa kuukata, na kila wiki unakua. Sasa nani atamwambia, na wewe umemfunga kamba? Hospitali iko wazi kwake siku yoyote, lakini haletwi tena.

Pasaka sitapanda. Usiniandikie mpaka uwe na habari isiyokusifu wewe.

Aikande


Mwika, 20 Aprili 2024

Mjukuu wangu Aikande,

Salamu. Pasaka tulikula bila wewe, na nyama haikuwa tamu. Hali yangu nitaisema chini.

Filemon amekonda, anameza maziwa tu, kwa kijiko. Juzi nilichuma jani la isale nikaenda kwake. Unajua kwetu uliyemkosea ukimpelekea jani hilo hawezi kulikataa. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyepelekewa, sijawahi kupeleka. Langoni Basili alinikanyaga mbavu, mdogo wake akanipiga teke la mdomo. Meno matatu yametoka. Yule mdogo ningeweza kumnyonga, shingo yake ilikuwa hapa karibu. Nikaendelea kushika jani.

Filemon akatoka akawaambia inatosha. Akalipokea. Sauti yake imekwisha, anakwaruza tu. "Meku Eliufoo, mzee mwenzangu, msamaha umepata. Koo ni langu."

Nikasema ni lako.

Tukakaa kwenye benchi lake, mimi natema damu, yeye anatema mate. Baadaye akauliza, "Huo mpira unauma?"

Nilitaka kusema hauumi, na kwamba nilishaumeza mimi mara mbili. Nikasema sijui.

"Na nikifika pale nikaogopa?"

"Mjukuu wangu anasema unarudi nyumbani, hakuna wa kukugusa."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Alicheka mpaka akapaliwa, maziwa yakarudi yana damu. Mkewe akanifukuza, nikaondoka.

Leo Jesse amenipa habari. Alhamisi Filemon anashuka na mkewe, atakaa mbele kwa dereva. Basili naye atapanda nyuma. Nilituma neno niwasindikize, wamekataa. Nitabaki hapa na ng'ombe.

Mjukuu wangu, huenda amechelewa. Kama amechelewa, mwambie yeye mwenyewe, usianze na mimi. Na mpokeeni vizuri. Hakuna aliyemleta.

Babu yako,
Eliufoo