Juu Usipime

Shoga, acha kila kitu usome!

Unamjua yule dada wa ofisini kwetu anayepima mwanga unaorudishwa na majani ya mahindi, kujua kama yako hai? Asubuhi kamwambia bosi ukweli: ukipima kutoka ubavuni, shamba ni kijani tupu. Ukipima kutoka juu, ni udongo, mahindi mengi yamekufa.

Bosi akajibu, "Basi juu usipime." JUU USIPIME, shoga!

Wageni wakaja kukagua shamba, bosi akawapanga ubavuni, wakasifu weee. Mama mmoja kati yao akauliza, "Na kutoka juu?"

Bosi akasema, "Juu hakuna mwanga wa kutosha." Saa sita mchana, jua la utosi!

Dada wa watu akamletea yule mama ngazi. Mama akapanda. Akaona udongo mtupu.

Sasa hivi dada kapewa barua ya onyo: kahamisha ngazi bila kibali.