Picha ya Kambale na Neno "Leo"

Jumapili, mwezi wa pili. Masasi.

Mvua ilianza tulipotoka kanisani na mpaka sasa haijakata. Si kubwa. Ni ile inayolowesha nguo kwenye kamba huku mwenyewe yuko ndani anadhani kumekauka. Sina hasira, sina furaha. Mgongo unaniuma kwa safari ya jana, na nataka kuiandika kabla sijaanza kuikumbuka tofauti na ilivyokuwa.

Mume wangu, Baba Tumaini, si mvuvi. Anafanya kazi kwenye ghala la korosho, na msimu wa korosho ukipita hubaki na siku nyingi za kukaa. Kila kiangazi huchukua pikipiki yake mpaka Newala, kisha huteremka bondeni hadi kijiji kimoja kando ya Ruvuma. Jina la kijiji silitaji. Limeshatajwa vya kutosha.

Pale kuna bwawa. Mvua zikija, mto hufurika na kulijaza, samaki huingia humo kutaga, na kijiji hulifunga. Ni sheria yao ndogo, na ina kamati yake. Tangu mvua za kwanza mpaka maji yapungue hakuna nyavu, hakuna ndoana, hakuna mtumbwi majini. Baba Tumaini anaijua sheria hiyo vizuri kuliko mimi. Na niandike kwa haki: hajawahi kwenda kuvua wakati bwawa limefungwa.

Alichokifanya ni kingine.

Yumo kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaovua kwa kujifurahisha. Wako wa Mwanza, wa Kigoma, wa Tanga. Kila mmoja huweka picha ya samaki aliyempata, wenzake humpa laiki na kumwandikia maneno mazuri. Ghalani hakuna anayemwandikia maneno mazuri. Mimi pia, nikiwa mkweli, ni nadra. Kwa hiyo kiangazi chote alikuwa mtu wa watu, na mvua zilipoanza akawa hana cha kuonyesha. Wale wa maziwani waliendelea kuweka picha zao. Nilimwona akichukua simu, akiangalia, akiiweka kifudifudi mezani.

Mwanzoni mwa wiki akatafuta picha ya kiangazi ambayo hakuwahi kuionyesha. Amesimama kwenye mtumbwi, ameinua kambale kwa mikono miwili. Akaiweka, akaandika chini yake: "Leo asubuhi, Ruvuma. Nani kama mimi?"

Nilikuwa karibu naye nasahihisha madaftari. Alinionyesha, nikasema imetoka vizuri. Neno "leo" nililiona. Sikulisema.

Laiki zilikuja nyingi kuliko za siku zote. Mtu mmoja wa Nanganga akauliza njia ya kufika huko, na Baba Tumaini akamwelekeza vizuri kabisa, kwa adabu zake zote, mpaka na jina la mwenye mtumbwi: ukifika muulize Mama Somoe.

Mama Somoe ni mjane wa pale kijijini. Analima mpunga kidogo, anakausha samaki, na mtumbwi wake huwapa wageni wanaotaka kuvua. Somoe, binti yake, anauza samaki wakavu sokoni Newala, na mimi ni mteja wake. Ndiyo maana Alhamisi alinipigia mimi, hakumpigia mume wangu.

"Mama Tumaini, shikamoo. Mwambie baba aitoe ile picha."

"Marahaba, Somoe. Picha gani?"

"Ya kambale. Mtumbwi wa mama umechukuliwa."

Akanieleza polepole. Vijana waliiona picha, wakaja na pikipiki alfajiri wakitaka mtumbwi. Mama Somoe akawakatalia. Wakaingia kwa miguu kwenye majani ya pembeni, pale penye maji ya kina kifupi ambapo samaki wanataga, wakatega nyavu za macho madogo. Kamati iliwakuta na ndoo ya perege waliojaa mayai. Walipoulizwa nani aliwaruhusu, walitoa simu. Mbona huyu amevua juzi tu, wakasema, na mmemwacha? Na mtumbwi kwenye picha una kiraka cha bati puani, kila mtu pale anaujua ni wa nani. Kamati ikauburura mpaka ofisi ya kijiji.

Nilimweleza Baba Tumaini jioni, wakati wa kula. Alisikiliza, akamaliza tonge lake.

"Nikiitoa sasa," alisema, "itaonekana kama kweli nilivua."

"Si bora uwaambie ni ya zamani?"

"Nitaandika."

Hakuandika. Alifuta maneno yote ya chini, akaiacha picha ikae peke yake. Nadhani aliona hapo amemaliza. Sikugombana naye. Watu husema mimi ni mpole. Mimi nadhani mara nyingine ni uvivu.

Ijumaa kuna mtu aliandika chini ya picha kwamba wao ni kundi zima kutoka Masasi, wanakwenda Jumapili na nyavu zao. Baba Tumaini alisoma akiwa amesimama mlangoni. Akasoma tena. Kisha akaenda kuangalia mafuta ya pikipiki.

"Kesho utakwenda na mimi?" aliniuliza kutoka nje.

Nikasema nitakwenda.

Tuliondoka asubuhi na makoti ya mvua. Mahindi barabarani yamefika kiunoni, na mikorosho imeosheka vumbi lake lote. Newala kulikuwa na ukungu, tukapita mjini bila kumwona mtu tunayemjua. Kwao Baba Tumaini ni Mkunya, karibu na hapo, na kwa kawaida hawezi kufika Newala asiende kumsalimia mama yake. Safari hii hakwenda, nami sikuuliza. Kuteremka bondeni kulikuwa kubaya. Sehemu nyingine nilishuka nikatembea kwa miguu nyuma yake, yeye akiizuia pikipiki isiserereke kwenye udongo mwekundu. Hapakuwa na pumzi ya kuongea.

Mtumbwi tuliukuta umefunikwa kifudifudi pembeni ya ofisi ya kijiji, kiraka chake cha bati kinaonekana.

Mwenyekiti wa kamati anaitwa Baba Hadija. Ni mtu wa rika letu, alikuwa amevaa mabuti ya mvua na kofia ya kufuma. Wajumbe wenzake walikuja wanne au watano. Mama Somoe naye aliitwa, akaja na khanga kichwani kwa sababu ya manyunyu. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi la upande mwingine, si letu.

Baba Tumaini alisimama. Ni mtu anayejua kuongea. Harusini huwa wanampa kipaza sauti. Jana alianza kwa kusema jina lake na kwao, kana kwamba hawamjui.

"Nimekuja kwa ajili ya mtumbwi wa mama. Ile picha ni ya kiangazi. Sijafika hapa tangu mlipofunga bwawa. Mama hana kosa."

Baba Hadija akatoa simu yake. Picha ilikuwemo, pamoja na yale maneno. Mtu aliihifadhi kabla hayajafutwa.

"Hapa umeandika leo asubuhi."

"Ndiyo. Niliandika leo. Haikuwa leo."

"Sasa kwa nini uliandika?"

Alikuwa hamkaripii. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei. Wajumbe wakamtazama Baba Tumaini, mimi nikatazama mabuti ya mwenyekiti. Njia nzima nilikuwa najiuliza swali hilo hilo kwa niaba yake.

"Watu hawajali picha ya zamani," alisema mwishowe. "Nilitaka waniandikie."

Hakuna aliyecheka. Laiti mtu mmoja angecheka, ingekuwa nafuu.

Mjumbe mmoja, mama mtu mzima, akasema wao hawajui mambo ya kuandikiwa, wao wanachojua ni kwamba wale perege walikuwa na mayai, na mayai hayarudishwi majini. Akasema na hilo kundi linalokuja Jumapili nani atalizuia, kwa sababu wanakamati nao wana mashamba yao. Baba Tumaini akasema atalizuia yeye, pale pale, mbele yao. Lakini chini kule mtandao haukamati, labda uende ukasimame kwenye kichuguu, na hata kwenye kichuguu haukukamata. Baba Hadija akamwambia aandike akifika juu, wao watakuwa wameweka watu njiani.

Kisha akamgeukia Mama Somoe. "Mama, wewe tulipokuuliza ulisema hujui kama alikuja au hakuja."

"Ndivyo nilivyosema."

"Mama, mimi unanijua," Baba Tumaini akasema. Hapo sauti yake ilibadilika kidogo. "Ningekuja bila kukuambia?"

Mama Somoe alivuta khanga mbele. "Siku ulipoiweka ile picha nilikuwa bado Newala kwa Somoe, baba. Mtumbwi ulikuwa nyuma ya nyumba peke yake. Nimeonyeshwa picha yako, nimesomewa maneno yako wewe mwenyewe kwamba umevua leo. Ningewaapia vipi watu hawa kwamba unasema uongo?"

Baba Tumaini akakaa.

Walijadiliana kwa Kimakonde, nikashika nusu. Wakaamua mtumbwi urudi kwake, vijana watauburura kabla giza halijaingia, na Baba Tumaini aandike ukweli pale pale alipoandika uongo. Wakasema wakisikia tena jina la bwawa lao mtandaoni wakati limefungwa, hawatahoji picha ni ya lini. Baba Hadija akatushika mkono wote wawili. Ilikuwa imekwisha haraka kuliko nilivyotarajia.

Mama Somoe alitusindikiza mpaka kwenye pikipiki. Alinipa kifurushi cha mchele wa shamba lake, akaniuliza Tumaini anaendeleaje shule. Nikasema vizuri. Baba Tumaini alikuwa anasubiri zamu yake ya kuongea. Alisema maji yakipungua atakuja mwenyewe kumsaidia kubandika kile kiraka upya.

"Kiraka hakivuji," Mama Somoe akasema. "Bwawa likifunguliwa, baba, tafuta mtumbwi mwingine. Wengi wanayo hapa."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni duka lilipo.

"Nimekuelewa, mama."

Baba Tumaini amekwenda kwake miaka mingi. Alimzika marehemu mume wa mama huyo, alishika chepeo kaburini.

Tulipofika Newala mtandao ukakamata. Akasimamisha pikipiki kwenye kibanda cha chai, akaandika kabla hata hajavua koti. Nilisoma juu ya bega lake: "Picha hii ni ya kiangazi kilichopita. Bwawa limefungwa, samaki wanataga, msiende. Niliandika 'leo', nilidanganya." Akabonyeza. Tukanywa chai. Majibu yakaanza kuingia kabla hatujamaliza, mengi ya kucheka. Mmoja alimwita mvuvi wa kumbukumbu. Lile kundi la kutoka Masasi likauliza kama ana uhakika, akajibu ana uhakika, na wakasema basi hawaendi. Baadaye watu wakahamia kwenye picha ya mtu wa Kigoma.

Nilitaka kumwambia pole. Neno lilifika mdomoni nikalinywa na chai. Nilikuwa nafikiria wale perege kwenye ndoo, na kwamba mimi nilikaa naye meza moja wakati anaandika.

Leo kanisani aliimba kwenye kwaya kama kawaida, safu ya nyuma. Mchana alilala. Jirani mmoja alikuja kumuuliza eti ni kweli bwawa halijafunguliwa, akamjibu kwa sentensi moja, akarudi ndani.

Saa hizi za jioni, kabla sijaanza kuandika, Somoe alipiga tena. Mtumbwi umerudi nyuma ya nyumba. Njiani hakupita mtu mwenye nyavu. Akasema mama yake ananisalimia sana, anauliza kama ule mchele nimeupika, usiwekewe maji mengi. Nikangoja kidogo, nikidhani ataongeza jina la mtu mwingine. Akaniaga.

Baba Tumaini alikuwa anafuta matope kwenye pikipiki, chini ya upenu.

"Ni nani?"

"Somoe. Mtumbwi umerudi."

Akaendelea kufuta. Kitambaa kilipita mahali pale pale mara nyingi.

"Mama amenisalimia?"

"Ndiyo," nilisema. "Amekusalimia."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukamua kitambaa. Nilimwona mabega yameshuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo, na sikujutia wakati ule. Sasa ninapoandika sina hakika. Kiangazi atakwenda kule akiamini salamu ambayo haikutumwa, na Mama Somoe atamtazama kwa macho yale ya jana.

Nimwambie asubuhi kabla hajaenda ghalani, au nimwache nayo?

Mvua bado inanyesha. Nguo zangu ziko nje.